Muuguzi, pesa yako ya kujiendeleza uiweke wapi?

Kuna mwaka nililipia semina ya siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli, pesa ya mfukoni kabisa. Slaidi nzuri, cheti kizuri. Wiki tatu baadaye, zamu ya usiku leba, mtoto akazaliwa kimya. Hatua zote nilikuwa nazo kichwani, lakini barakoa ya ambu bagi (mfuko wa kumsukumia mtoto hewa mapafuni) ilikuwa inavuja hewa chini ya kidevu na kifua hakipandi, mpaka mkunga aliyenitangulia kazini akanishika kiganja na kuisogeza kidogo tu. Mtoto akalia. Tangu hapo, kabla sijatoa hata shilingi, najiuliza kama mafunzo yale yatafika mkononi.

Kwa kipimo hicho, namba moja ni kitu ambacho karibu hakiuzwi: mazoezi mafupi palepale kazini, na wenzako. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walilipima jambo hili. Baada ya kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, watumishi walifanya vizuri kwenye doli la mazoezi, ila huduma ya wodini haikubadilika. Wakaanzisha mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yanaonyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwulize muuguzi mfawidhi kama kuna doli la mazoezi limefungiwa stoo. Vituo vingi vilipewa, likawekwa kabatini lisichakae. Lile la NeoNatalie unalijaza maji, linakuwa na uzito wa mtoto kweli, na kifua chake hakipandi usipobana barakoa sawasawa. Kama halipo, changeni wodi nzima mnunue. Mimi ningelichangia kabla ya kitu kingine chochote.

Namba mbili ni miongozo ya tiba ya Madaktari Wasio na Mipaka. Ni bure, ipo kwa Kiingereza na Kifaransa (wenzetu wa Kongo na Burundi hawakusahauliwa), na programu yake ukishaipakua hufunguka bila bando. Ule wa uzazi na mtoto mchanga naufungua karibu kila zamu. Dozi ya magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, si ya kukisia saa tisa usiku.

Zinafuata kozi za mtandaoni za Shirika la Afya Duniani: bure, na nyingi zina cheti. Gharama yako ni bando tu, kwa hiyo zisome ukiwa kwenye Wi-Fi. Uliza mapema kama Baraza la Uuguzi na Ukunga linazihesabia pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma), usije ukamaliza kozi tatu ndipo ukagundua leseni haijasogea.

Ukiwa unasomea diploma au digrii, au unaandika utafiti, Hinari, maktaba ya majarida ya afya mtandaoni, inapanda hadi nafasi ya pili. Ilianzishwa 2002 ili nchi kama zetu zisome majarida ya afya bure au kwa bei ndogo, na Tanzania imo upande wa bure. Nywila haitolewi kwa mtu mmoja mmoja, iko kwa taasisi. Nenda kwa mkutubi wa chuo au hospitali ya rufaa, mwombe kwa heshima, na uende na mada yako mkononi.

Coursera na edX, tovuti za kozi za kila aina, naziweka nyuma ya hizo. Ni nzuri kwa takwimu au uongozi, lakini cheti chake ni cha kulipia kwa dola, na mtoto aliyezaliwa kimya hutakutana naye humo.

Semina za hotelini ni za mwisho. Ukilazimika kwenda kwa ajili ya pointi, piga simu kabla ya kulipa, uulize madoli ni mangapi na washiriki ni wangapi. Wakikujibu doli moja kwa watu hamsini, bakiza nauli yako.