Tofu ngumu au tofu laini: ipi iingie jikoni leo?

Zote ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, si kwa baridi. Ngumu hukandamizwa ili maji yatoke. Laini kabisa, ile Wajapani wanayoiita kinugoshi, huachwa igande humo humo chomboni. Ndiyo maana kwa uzito uleule, ngumu ina protini nyingi zaidi.

Kwa kukaanga sisiti: ngumu. Ifunge kwa kitambaa safi, iwekee sufuria nzito juu kwa dakika 20, halafu ikate vipande na uvipakaze unga wa mahindi kidogo. Ukiruka hatua ya kukamua, mafuta yatakurukia na vipande vitang'ang'ania kikaango. Na kama unaipikia mchuzi wa nazi, igandishe kwenye friza usiku kucha, iache iyeyuke, kisha ikamue. Barafu huacha vitundu ndani, kwa hiyo inafyonza tui kama sponji. Kwangu njia hii inashinda kuiloweka kwenye viungo, maana viungo huishia juu juu tu.

Laini ukiikaanga hivyo utapata uji. Mahali pake ni kwenye supu, au mapo tofu, chakula maarufu cha Sichuan, China: unaitumbukiza taratibu kwenye mchuzi wa pilipili na kuusukuma kwa mgongo wa mwiko, bila kukoroga. Pia ukiisaga na ndizi mbivu unapata kitu kizito kama mtindi, na watoto hawaulizi kimetengenezwa na nini.