Jioni ya kitabu cha mkalimani kutoka Chogo, hapa Tanga mjini: nendeni jamani

Wadau wa Tanga, kuna huyu mzee aliyekimbia vita Somalia akawa mkalimani wa wakimbizi, anazunguka na kitabu cha maisha yake, anasoma kurasa chache afu anakaa kuongea na watu, mi nimemkuta Ngamiani kwenye ukumbi mmoja wa juu ya maduka, kiingilio elfu tano, chai na vitumbua humo humo. Jina lake siliweki hapa maana aliomba mwenyewe asirekodiwe wala kurushwa mtandaoni, bado ana ndugu Somalia.

Nianze na kilichonikera. Imetangazwa saa kumi, imeanza saa kumi na moja na ushee, na maiki ilikuwa inakwaruza mpaka mzee akaiweka chini akaongea kwa koo lake tu, sisi tuliokaa upande wa dirisha tunagombania sauti yake na honi za bodaboda. Waandaaji tafuteni spika za maana, mtu wa umri ule asichoshwe bure.

Sasa mwenyewe. Huyu ni Mzigua, wa wale ambao mababu zao walitolewa pwani hii hii yetu karne ya 19 kwa majahazi wakauzwa Somalia, baadaye wakatoroka kwenye mashamba ya mabwana zao wakajichimbia misitu ya mto Juba, kusini mwa Somalia, na huko wakaendelea kuongea Kizigua mpaka vita inawakuta. Yani ndugu zetu kabisa, na bado ukiuliza vijana wa hapa mjini wengi hawana habari. Alivyoeleza 1991 nilielewa kitu ambacho taarifa za habari hazikuwahi kunielewesha: Siad Barre, rais wa Somalia, alivyoanguka kila ukoo mkubwa ulikuwa na wanamgambo wake, wao wakulima wa Juba hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwasimamia wala silaha, ila chakula walikuwa nacho, na kila mwenye bunduki alikuwa na njaa. Nafaka walikuwa wanahifadhi kwenye mashimo chini ya ardhi. Akatuonesha kwa mikono upana wa mdomo wa shimo la baba yake, akatuonesha walivyolisawazisha udongo juu na kutandaza majani ya mahindi ili lisijulikane, afu akasoma ukurasa wa siku baba yake alipolazimishwa kulifukua mwenyewe.

Wenzake wengi waliishia Dadaab, kambi ya wakimbizi kule Kenya, na kuanzia 2003 kama watu 12,000 hivi wakapelekwa Marekani. Yeye akaja huku, akawekwa kambi ya Mkuyu wilaya ya Handeni, baadaye makazi ya wakimbizi ya Chogo, na wengi wao Tanzania ikawapa uraia. Hapo kitabu kinakimbia kiukweli, miaka ya Chogo kaimaliza harakaharaka wakati mi ndo nilitaka nijue walipokelewaje na Wazigua wa hapa, nani aliwapa mbegu ya kwanza, nani aliwaozesha.

Ila kilichonipeleka mpaka nikakaa kuandika yote haya ni ukalimani wake. Kambini alikuwa anajua Kizigua, Kisomali na Kiswahili, Kiingereza akajifunzia huko huko, basi akawa anakaa katikati ya mkimbizi na afisa anayemhoji. Sheria ya kazi hairuhusu uongeze, upunguze, wala umsaidie mtu. Mama anaulizwa tarehe aliyokimbia, yeye anajua ilikuwa wakati mtama umeanza kubeba, afisa anataka mwezi na mwaka, na mkalimani anaona kabisa mama anakwama na haruhusiwi kumkwamua. Na mkalimani hasemi "anasema aliona", anasema "mimi niliona".

Hilo akalionesha pale pale. Kulikuwa na bibi mmoja wa Handeni amekaa mbele, mzee akamwamkia shikamoo kwa heshima zote akamuomba asimulie chochote kwa Kizigua, yeye atakalimani. Bibi akasimulia msiba wa mwanawe. Mzee akatoa kadaftari kadogo, anachora vialama tu, bibi akinyamaza yeye anasema, "Mimi nilimfunga mwanangu kanga yangu mwenyewe," kwa sauti ya kawaida, hakulia, hakuharakisha, na bibi anaitikia kwa kichwa kila sentensi kama anahakiki. Kijana mmoja akamuuliza, sasa mzee ukirudi nyumbani ulikuwa unafanyaje? Akasema alikuwa anachukua jembe anaenda kulima mpaka giza, na mkewe alijua siku hizo asimsemeshe.

Nimesikiliza watu wengi wakiongelea vita lakini huyu amebeba vya kwake na vya mamia ya wengine vimepita mdomoni mwake kwa neno "mimi", na kwenye kitabu amekuwa mwangalifu sana, ya kwake kayasema wazi, ya wale aliowakalimania hakuyagusa hata moja kwa sababu siyo yake. Kwa hilo peke yake namheshimu mno.

Kitabu elfu kumi na tano, maandishi madogo, wenye miwani njooni nayo, na ramani hamna, wangeweka hata moja ya Juba mpaka Handeni. Pesa mkononi au kwa simu zote wanapokea. Wamesema watarudia, fikeni mapema mkae mbele, nendeni na wazee wenu hasa wanaojua Kizigua, na waandaaji kama mnasoma hapa basi ipelekeni Handeni mjini na Korogwe, na wanafunzi waingie bure.