Elfu 70 yangu ya kuhesabu kunde: mafunzo ya milipuko ya magonjwa, Moshi mjini

Jana jioni nimerudi Uru na kifuko cha kunde mkobani. Nilikiomba kwa mwalimu baada ya mafunzo ya siku mbili ya kukadiria jinsi ugonjwa mpya unavyoanza kusambaa, kwenye ukumbi mdogo si mbali na stendi ya Moshi. Ada 70,000, chai na chakula cha mchana humo humo. Mimi ni muuguzi wa zahanati na nimejilipia mwenyewe.

Siku ya kwanza ilirudisha pesa yote. Kila meza ilipewa sinia la kunde nyeupe, ndio watu wenye afya, na haragwe jekundu moja katikati, mgonjwa wa kwanza. Kila mgonjwa anarushiwa dadu mara moja. Ikitoka 1, 2 au 3 hajaambukiza mtu, 4 kaambukiza mmoja, 5 watatu, 6 wanane. Ukipiga hesabu, wastani ni wawili kwa kila mgonjwa. Meza tano, kanuni ileile. Kwenye meza tatu ugonjwa ulijifia wenyewe, mbili kati ya hizo haukuvuka hata duru ya kwanza. Sisi dadu ya kwanza tu ikatoka sita. Wanane wapya. Duru ya pili 17, ya tatu 31, na mikono yetu haikutosha kubadilisha kunde kwa maharage. Fundi maabara wa meza ya jirani alikuwa bado ameshika haragwe lake moja, anatutazama.

Kisha mwalimu akaleta karatasi ya taarifa. Majibu ya maabara, akasema, yanachelewa duru mbili. Kwa hiyo wakati sinia letu lina wagonjwa wapya 31, karatasi ilisoma wanane. Hapo nilinyamaza kabisa. Nilikumbuka Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipotangazwa tarehe 16, msafiri aliyeshukia hapo uwanja wa ndege wa KIA na kukutwa na virusi Arusha. Kila asubuhi tuliulizana zahanati, "Wamefika wangapi?", tukiamini namba ya redioni ndiyo hali ya siku hiyo. Kumbe tulikuwa tunasoma habari za watu walioambukizwa siku nyingi nyuma. Miaka yote hiyo hakuna aliyenieleza hivyo, na nilihitaji dakika 20 tu na sinia.

Siku ya pili ilipwaya. Kompyuta moja kwa watu watatu, Excel ikiwa na kanuni zimeshajazwa, na aliyeshika mausi ndiye aliyejifunza. Milinganyo ya hesabu ya wanasayansi Kermack na McKendrick ya 1927, inayogawa watu kwenye walio hatarini, wagonjwa na waliopona, ilipita kwenye projekta haraka mno.

Lakini kilichoniuma ni Ebola. Mwalimu alionyesha kuwa Septemba 2014 CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilikadiria Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1.4 ifikapo tarehe 20 Januari 2015. Mlipuko mzima wa Afrika Magharibi uliishia wagonjwa kama 28,600. "Mnaona walivyokosa?" akasema, ukumbi ukacheka, akaenda ukurasa mwingine. Hapana. Namba ile ilijumuisha na wasioripotiwa, na ilikuwa na sharti: ikiwa hakuna kitakachobadilika. Vitanda vikaongezwa, mazishi yakafanywa kwa usalama, watu wenyewe wakaacha kuosha maiti kwa mikono. Nikimwambia mama wa mtoto anayeharisha, "Mwanao asipoanza ORS sasa hivi atazidiwa," akampa hayo maji ya chumvi na sukari, mtoto akainuka, mimi sikukosea. Nilinyoosha mkono kusema haya, muda ukawa umekwisha. Wakirudia mafunzo, somo hili lipewe saa nzima, hata kama Excel itafutwa.

Wauguzi wenzangu na wahudumu wa jamii, nendeni. Mkiruhusiwa kulipia siku ya kwanza peke yake, lipieni hiyo.

Mimi Alhamisi wahudumu wangu wanaleta taarifa za mwezi. Maharage mekundu nimeshanunua soko la Mbuyuni, dadu nimeazima kwenye ludo ya mtoto wa dada yangu, na sinia la zahanati nimeliosha.