"Kila Kitu ni Kinyume": Nilivyofundishwa Kurudi Nyuma

Nimemaliza mafunzo ya udereva hivi karibuni, na katika siku zote nilizokaa kwenye shule ile ni siku ya kujifunza kurudi nyuma tu ambayo mpaka sasa inaninyima usingizi.

Mwalimu wetu, kijana ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, alipanga koni, akaketi kando yangu na kusema, "Mama, ukirudi nyuma kila kitu ni kinyume. Ukitaka gari liende kulia, kata kushoto." Nilimwamini, kwani mwanafunzi asipomwamini mwalimu wake atamwamini nani? Nikatia gia ya nyuma, nikaachia klachi taratibu, nikakata kushoto kama nilivyoagizwa, na gari likaenda kushoto hukohuko mpaka likapanda koni. Hapo ndipo alipoanza kupiga kelele: "Kata! Kata yote! Siyo huko!" Nilipomuuliza huko ni wapi, aliwageukia wenzangu waliokuwa wakisubiri zamu, akawaambia kwamba wapo watu walioumbiwa kiti cha abiria. Wakacheka, nami nikateremka magoti yakinitetemeka.

Jioni hiyo nilisimama kando ya ukuta nikamtazama jirani akilitoa gari lake kinyumenyume, macho yangu yakiwa kwenye magurudumu. Alipokata kulia, nyuma ya gari ilikwenda kulia. Kilichokwenda kushoto ni pua, tena kwa kujitanua sana, kwa sababu magurudumu yanayokatwa ni ya mbele, na gari linaporudi nyuma hayo ndiyo yanayokuja mwisho. Kumbe kinyume kipo, ila kipo mbele, mahali ambapo mtu aliyegeuza shingo kutazama kioo cha nyuma hapaoni, na kamera ya nyuma nayo haipaonyeshi. Kwa hiyo, nikitaka kumtendea haki, kijana yule hakusema uongo mtupu. Alikuwa na nusu ya ukweli, akaibandika upande usio wake.

Wala hakunieleza kwamba usukani, ambao ukienda mbele hujirudisha wenyewe unapoulegeza, ukirudi nyuma hauna adabu hiyo na pengine huzidi kujikata, hivyo ni lazima uurudishe kwa mkono, tena mapema, kabla gari halijanyooka. Hilo nilijifunza kwa kugonga koni ya pili na ya tatu.

Nilikuwa nimeazimia kuwaambia watu wasikanyage pale. Hata hivyo, sitakuwa mkweli nikinyamazia suala la klachi, kwa maana hapo kijana yule ni fundi. Alinifanya nifumbe macho, gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, niinue mguu kidogo kidogo mpaka nihisi klachi inaposhika, na nikishaihisi nisiuinue mguu zaidi. Bila ujuzi huo nisingeweza kulirudisha gari polepole kama mtu anayetembea, na mwendo huo ndio unaokupa muda wa kusahihisha usukani kwa vipimo vidogo badala ya kuuzungusha kwa hofu. Kwa sababu hiyo nilikuwa karibu kuandika kwamba nendeni, mradi somo la kurudi nyuma mlitafute kwingine.

Juzi nilipita kuchukua cheti changu. Kwenye kiti cha dereva alikuwa binti mpya, ameushika usukani kwa mikono miwili kana kwamba utakimbia, na mwalimu akimwambia kwa sauti ileile, "Dada, sikiliza, ukirudi nyuma kila kitu ni kinyume." Basi nayafuta yale mazuri ya klachi niliyoyaandika hapo juu. Nilisikia koni ikianguka kabla sijafika getini.