Uzoefu wangu na kozi ya hesabu za uwezekano chuoni: hesabu rahisi, kazi iko kwenye kusoma swali

Nilichukua kozi hii ya finaiti matematiksi (hesabu za vitu vinavyohesabika) na uwezekano kwa sababu moja tu, niliambiwa haina kalkulasi, zile hesabu za viwango vya mabadiliko. Digrii yangu haihusiani na hesabu ila sharti lilikuwa lazima upate kozi moja ya hesabu ndo umalize, na waliotutangulia wakasema chukua hiyo, ni mipira kwenye mfuko na kurusha dadu basi. Na kweli ni mipira na dadu. Ila kwizi ya kwanza nilipata 4 kati ya 10 na nilipopitia karatasi sikuona sehemu hata moja niliyokosea kujumlisha wala kuzidisha.

Hapo ndo akili ikanikaa sawa. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi, sehemu, asilimia, kuzidisha, hamna kitu kingine. Kinachokuangusha ni kusoma. Neno moja dogo likikupita umejibu swali lingine kabisa, tena umelijibu vizuri! Chukua "au". Mtu akikuuliza kwa kawaida unataka hiki au kile anategemea uchague kimoja, lakini kwenye seti, yaani makundi ya vitu, "au" inabeba na wale wenye vyote viwili, kwa hiyo kama wanaosoma historia ni 18 na jiografia 15 na 7 wanasoma zote, wanaosoma historia au jiografia ni 26 sio 33, maana wale 7 umewahesabu mara mbili. Ukichora miduara ya Venn, ile inayopishana, kila kundi na wake, unaliona hilo bila shida, mimi nilikuwa najiona mjanja sichori. Usiwe mjanja, chora.

Halafu wiki ya tatu zikaja pamyutesheni na kombinesheni, yaani kuhesabu njia za kupanga na njia za kuchagua, darasa likapungua watu. Kila mtu alikuwa anakariri fomula mbili halafu anabahatisha aweke ipi. Mimi kilichonisaidia ni mfano mmoja wa mwalimu: una watu 10, unachagua kamati ya watu 3, njia ni 120. Sasa watu walewale 10, chagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, njia zinakuwa 720. Kwa nini? Kwa sababu kila kamati ya watu 3 unaweza kuwagawia vyeo kwa njia 6. Basi. Kila swali sasa najiuliza, nikiwabadilishia nafasi kuna kitu kinabadilika? Kama ndiyo ni pamyutesheni, kama hapana ni ile nyingine, na sijakariri kitu.

Kitu kimoja hakuna aliyeniambia mapema: lazima ujue karata. Mi nimekua sichezi karata kabisa, sasa swali linakuja "karata 5 zimetolewa, tafuta uwezekano zote ziwe kopa" na mimi hata kopa ziko ngapi sijui. Zipo 52, aina nne, kopa, uru, shupaza na pau, kila aina 13. Jifunze kabla hujaanza, utanishukuru.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mzuri, hilo niseme. Alituanzishia mada ya uwezekano na kisa cha mwaka 1654, wanahisabati wa Ufaransa Pascal na Fermat walivyokuwa wanaandikiana barua kuhusu michezo ya kamari, kulikuwa na mcheza kamari mmoja, Chevalier de Méré, anashangaa kwa nini kupata 6 angalau mara moja ukirusha dadu mara 4 kuna faida, lakini kupata 6 mbili kwa pamoja ukirusha dadu mbili mara 24 hakuna. Ukikokotoa, ya kwanza ni kama 0.518, ya pili 0.491. Tofauti ndogo hivyo lakini ukicheza usiku na mchana inakumaliza. Na hapo ndo nikajifunza mbinu ya "angalau": usihesabu mara moja, mara mbili, mara tatu, utazeeka, tafuta uwezekano wa kukosa kabisa halafu utoe kwenye 1. Mbinu hiyo hiyo inatoa lile la siku za kuzaliwa, kwamba watu 23 tu wanatosha nafasi ya wawili kugongana siku ivuke nusu. Sisi tulikuwa kama 40, nafasi ni karibu asilimia 89, na walipatikana.

Sasa Bayes, kanuni ya kutafuta uwezekano wa kitu ukishajua kingine kimetokea. Hii ndo mada iliyonilipa kwa kozi nzima. Swali: ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 100, kipimo kinawakamata wagonjwa 90 kati ya 100, lakini kinawasingizia wazima 5 kati ya 100. Umepimwa umeambiwa unao, je uwezekano wa kuwa nao kweli ni kiasi gani? Nikaandika 90% kwa kujiamini kabisa, na nadhani nusu ya darasa waliandika hivyo hivyo. Mwalimu akasema achaneni na fomula, chukueni watu 10,000. Wagonjwa 100, kipimo kinakamata 90. Wazima 9,900, wanaosingiziwa ni 495. Kwa hiyo walioambiwa wanao ni 585 na wagonjwa wa kweli humo ni 90, yaani asilimia 15 na kidogo. Nilikaa nikaangalia ubao, nikarudia mwenyewe nyumbani mara tatu nikidhani kuna mahali tumedanganywa. Kumbe "mgonjwa akipimwa aonekane" na "aliyeonekana awe mgonjwa" ni sentensi mbili tofauti, mimi nilikuwa nazisoma kama moja.

Kilichoniudhi ni asaimenti za mtandaoni. Mfuko una mipira 5 myekundu na 3 ya bluu, unatoa miwili bila kurudisha, tafuta yote kuwa myekundu. Jibu 5/14. Naandika 0.357, mfumo unasema umekosa. Naandika 0.36, umekosa. Naandika 20/56, umekosa. Haukwambii inataka sehemu iliyorahisishwa, inakupa msalaba tu na majaribio yanaisha. Maksi nilizopoteza hapo hazina uhusiano wowote na kujua au kutojua hesabu, na nikilalamika naambiwa nisome maelekezo.

Matriksi, yale majedwali ya namba, na ile ya kutafuta faida kubwa kwa kuchora mistari kwenye grafu halafu unajaribu pembe, hizo zilipita haraka mwishoni, ni kazi ya mikono tu, ukikosea alama ya kutoa juu kila kitu chini kinaharibika. Minyororo ya Markov, yaani kitu kinachohama hali moja kwenda nyingine kwa uwezekano fulani kila hatua, tuliipata wiki ya mwisho kabisa na watu walishachoka, nasikitika maana ilikuwa tamu, unazidisha matriksi ile ile mpaka namba zinatulia zenyewe.

Nimemaliza na B. Naipa nyota 4, moja nimeitoa kwa ajili ya ule mfumo wa asaimenti. Ukiichukua tafuta kalkuleta yenye kitufe cha nCr (kinahesabu kombinesheni), na kwenye mtihani pigia mstari "angalau", "kamili", "bila kurudisha" na "ikijulikana kwamba" kabla hujashika kalkuleta yenyewe, mi nilianza kufanya hivyo mtihani wa pili na ndo maksi zilipoanza kupanda.