Gemu za simu za kunywea na marafiki: ipi ulipie, ipi uiache

Ukitafuta gemu za kunywea kwenye Play Store au App Store utakutana nazo chungu nzima, na nyingi ni kitu kile kile kilichobadilishwa rangi: sentensi za Kiingereza, matangazo kila baada ya kadi chache, na usajili wa wiki unaokukata pesa wenyewe. Kipimo chetu cha kwanza ni hiki: je, gemu ina raha hata kama mezani kuna soda tupu? Kama raha yote ni kuamrishwa "kunywa mafunda matano", itachosha ndani ya nusu saa, na watu waliochoshwa na gemu hawaachi kunywa. Baada ya hapo tunaangalia inahitaji simu ngapi, inakula bando kiasi gani, na kama kundi linaweza kuicheza kwa Kiswahili.

1. Undercover

Hii ndiyo ya kuanza nayo. Inatumia simu moja tu. Kila mtu anaipokea simu, anasoma neno lake kwa siri, anampa jirani. Wengi wanapata neno moja, mmoja au wawili, yaani majasusi, wanapata neno linalokaribiana nalo, na anayeitwa Mr. White hapewi neno kabisa. Kisha kwa zamu kila mtu anataja neno moja la kuelezea alichonacho, mnajadiliana, mnapiga kura, na mwenye kura nyingi anatoka. Utamu wake ni kwamba mwenye neno tofauti hajui kuwa ni yeye. Anagundua polepole, kwa kusikiliza wenzake. Mr. White akitolewa anapewa nafasi moja ya kubahatisha neno la wengi, na akilipata ameshinda.

Maneno kwenye skrini ni ya kigeni, lakini maelezo, ubishi na utetezi wote ni wenu, kwa hiyo gemu inageuka ya Kiswahili yenyewe. Watu 6 hadi 9 ndio kiwango kizuri. Chini ya 5 jasusi anajulikana mapema mno. Wakizidi 10 raundi inarefuka na waliotolewa wanaanza mazungumzo yao pembeni. Inaharibika pale mtu anaposoma neno simu ikiwa imelala mezani na jirani akaliona, au simu ikaruka mtu mmoja na kila aliyefuata akasoma neno la mwenzake. Shika simu kifuani, taja jina lililoandikwa kwa sauti, kisha ndipo ufungue. Adhabu: funda moja kwa aliyetolewa, basi.

Cheza toleo la bure usiku mzima kwanza. Lipia tu kama kundi limeomba irudiwe.

2. Heads Up!

Imekuwepo tangu 2013 na ilipata umaarufu kupitia kipindi cha TV cha Mmarekani Ellen DeGeneres. Unaweka simu kwenye paji la uso, kioo kikiwatazama wenzako, nao wanakueleza neno bila kulitaja. Ukipatia unainamisha simu chini. Ukishindwa unaiinua juu, neno linapita. Una sekunde 60.

Tatizo kubwa ni pakiti za maneno. Nyingi zimejaa watu na vipindi vya Marekani, na kundi la Dodoma au Kisumu litapitisha neno baada ya neno mpaka muda uishe. Usinunue pakiti za watu maarufu. Nunua ya wanyama, ya kuigiza kwa vitendo, na zaidi ya zote ile inayokuruhusu kuandika maneno yako. Iandike siku moja kabla, si wageni wakiwa mlangoni: urojo, mama ntilie, konda, Kariakoo, githeri, Simba na Yanga, bodaboda, vigodoro. Timu nzuri hupata kama maneno 10 kwa dakika, kwa hiyo timu mbili zikicheza raundi nne mnahitaji maneno 80. Epuka majina ya watu waliomo kwenye kundi; hapo ndipo utani unapogeuka ugomvi.

Simu ikihesabu majibu ambayo hayajatolewa, mchezaji anacheka huku kichwa kikitikisika. Ashike kingo za simu kwa mikono miwili, sentimita moja mbele ya paji. Kumbuka pia kwamba kamera ya mbele inaweza kurekodi wanaoeleza. Waulize kabla ya kuanza, na asiyetaka kurekodiwa akiwa na glasi mkononi aheshimiwe.

3. Drawful 2

Hii ya Jackbox Games hununuliwa na mtu mmoja tu, kwa kompyuta au mashine ya gemu. Wengine, kuanzia 3 hadi 8, wanaingia jackbox.tv kwa kivinjari cha simu na kuandika msimbo wa herufi nne. Hakuna cha kupakua. Kila mmoja anachora kitu cha ajabu alichopewa, wenzake wanabuni majina ya uongo ya mchoro huo, kisha wote wanatafuta jina la kweli. Tunaiweka juu ya gemu nyingine za Jackbox kwa sababu inakuruhusu kuandika maagizo yako ya kuchora. "Shangazi amekosa daladala ya mwisho" inachekesha kuliko tafsiri ya mzaha wa Kimarekani. Quiplash, yao ya kuandika majibu ya kuchekesha, ni nzuri pia, lakini inadai Kiingereza chepesi, na rafiki asiyekimudu atakaa kimya jioni nzima.

Unahitaji kebo ya HDMI kwenda kwenye TV, na intaneti kwa kila simu. Hotspot ya simu moja ina kikomo cha vifaa. Kiangalie kabla, la sivyo mtu wa saba atabaki nje. Ukinunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na haikufai, unaweza kuomba pesa zako ndani ya siku 14 mradi hujaicheza saa mbili.

4. Picolo

Hii ni gemu ya kunywea hasa, kutoka Ufaransa. Unaandika majina, simu inakaa katikati, mmoja anasoma kadi: fulani ajibu, fulani agawe mafunda, au sheria mpya inawekwa na kuendelea mpaka gemu iseme imekwisha. Hizi sheria za kudumu ndizo bora kuliko kadi nyingine zote, lakini watu husahau. Ziandikeni kwenye karatasi. Msomaji anatafsiri papo hapo, kwa hiyo mchague mwenye ulimi mwepesi. Aina za kulipia zina maswali ya kimapenzi ambayo hayafai kundi lenye wafanyakazi wenza au mashemeji. Ya bure inatosha.

Za gurudumu la bahati, chupa inayozunguka na zile za kufunua karata msilipie. Karata halisi 52 za dukani zinafanya kazi hiyo hiyo bila chaji wala tangazo. Na ule mtindo wa kumimina vinywaji tofauti kwenye kikombe kimoja, anywe atakayefunua mfalme wa nne, uachwe kabisa: hakuna anayejua kikombe kile kina nguvu gani.

Hesabu ya mafunda

Gemu hizi zinahesabu mafunda bila kujua glasi ina nini, na hapa ndipo watu wanapoumia. Tuchukue funda moja kuwa mililita 25. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mafunda 20 na takriban gramu 16.5 za kileo. Ini la mtu mzima husafisha kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa hiyo moja inalipa ini kazi ya karibu saa mbili. Gemu ikikupa funda kila dakika mbili, umeimaliza kwa dakika 40.

Konyagi ina asilimia 35. Funda lake moja bila kuchanganya ni sawa na zaidi ya mafunda manane ya bia ile, kwa kadi ile ile. Wenye bia na wenye kali hawawezi kucheza pamoja mpaka vinywaji vilingane: toti moja ya mililita 30 ya Konyagi, ongeza mililita 220 za tonic, unapata asilimia 4.2 kamili. Pima kwa toti, si kwa macho. Wekeni pia maji mezani, na kikomo cha mafunda 10 kwa saa kwa kila mtu. Gemu ikidai zaidi, adhabu inakuwa kuimba, kuosha glasi au kuhudumia nyama.

Asiyekunywa, anayeendesha na anayetumia dawa wanacheza kwa adhabu hizo hizo tangu mwanzo, bila kuulizwa sababu. Mtu asiyeamka akitikiswa, anayepumua kwa kusita au aliyepoa ngozi, msimwache "alale imtoke". Mlazeni ubavu, mkae naye, mpelekeni hospitali.

Kulipa

Kenya unaweza kulipa Google Play kwa M-Pesa. Kwingine, kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard kutoka kampuni ya simu hufanya kazi. Weka humo kiasi cha gemu tu. Chagua malipo ya mara moja kila yanapopatikana. Ukijiunga na majaribio ya bure, yafute siku hiyo hiyo: Play Store, picha ya wasifu wako, malipo na usajili, kisha usajili. Kuifuta gemu kwenye simu hakusimamishi makato.