Revolva ya Kubeba Mawindoni Alaska: Ipi ya Kwanza, Ipi ya Mwisho

Kule Alaska mnyama huangushwa kwa bunduki. Revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, hungoja dakika mbaya: umeinama unachuna, bunduki umeiegemeza kwenye mti, na dubu wa kahawia amenusa damu. Nimezipanga kwa vigezo viwili: utakuwa nayo mwilini saa hiyo? Na risasi ya pili itafika ulikolenga?

Ya kwanza ni ya risasi za .44 Magnum, ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 4 hivi. Hapo kuna Smith & Wesson 629, yenye kilo 1.2, na Ruger Redhawk, yenye kilo 1.3. Zote zinachukua risasi sita. Risasi zake hazina shida kupatikana, na za .44 Special, ambazo teke lake la kurudi nyuma ni dogo, zinaingia kwenye silinda hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kujifunza shabaha bila kuumiza kiganja. Kifyatulio cha 629 ni laini zaidi. Redhawk ni nene na inavumilia risasi nzito miaka nenda miaka rudi. Mimi ningechukua hiyo. Mwenye mkono mdogo azishike zote mbili dukani kabla ya kulipa.

Inafuata Ruger Super Redhawk Alaskan ya risasi za .454 Casull. Mtutu wake ni inchi 2.5 tu, lakini uzito unakaribia kilo 1.3, na uzito huo ndio unaokuokoa na teke. Inakubali pia risasi za .45 Colt kwa mazoezi. Ubaya wake ni kwamba mtutu mfupi unapunguza kasi ya risasi, na mlio wake utakuziba masikio.

Kwa mwenye fedha kidogo ipo Ruger Super Blackhawk, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959. Ni imara na bei yake ni afadhali. Lakini kila risasi inakutaka uvute nyundo kwa kidole gumba, na kuijaza ni risasi moja moja. Yenye mtutu mrefu inamfaa anayewinda kulungu kwa bastola yenyewe; dubu anayekuja mbio hatakusubiri.

Ya nne itawashangaza wengi, maana dukani ndiyo inayopendwa: Smith & Wesson 329PD, yenye fremu ya aloi ya skandiamu na silinda ya titani, gramu 700 na kidogo. Kuibeba ni raha, kuipiga ni adhabu. Tena kwenye revolva nyepesi namna hii teke linaweza kuvuta vichwa vya risasi vikatokeza nje ya maganda hadi silinda ikwame. Ukiinunua, jaza zote sita, piga tano, kisha pima urefu wa ile iliyobaki. Ikiwa imerefuka, badilisha aina ya risasi.

Mkiani nimeiweka Smith & Wesson 500 ya mwaka 2003. Nguvu inayo, ubishi hapo hakuna. Ila ni risasi tano, kilo 1.6 kwa mtutu wa inchi 4 na karibu kilo 2 kwa ule mrefu, na bei ya risasi zake inawafanya wengi wakwepe mazoezi. Siku ya tatu ya kupanda vilima utaiacha hemani.

Kwa dubu, chagua risasi yenye kichwa kigumu kisichopasuka, pua bapa, iingie ndani hadi mfupani. Zile zinazofunuka ni za kulungu. Mkoba wa revolva uwe wa kifuani, kwa sababu ule wa kiunoni hubanwa na mkanda wa begi la mgongoni. Na dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu ibebwe pia. Ni nyepesi na haihitaji shabaha kali.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani: duka lenye leseni halimuuzii bastola aliye chini ya miaka 21, na wenye viza za muda wanazuiwa isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo leseni ya kuwinda. Ukienda Alaska kwa barabara utapita Kanada, ambako sheria za bastola ni kali mno. Afadhali ndege, bastola ikiwa tupu ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, umeitangaza kaunta. Na ukimuua dubu kwa kujitetea, ngozi na fuvu ni mali ya serikali ya jimbo: utaripoti na kuvikabidhi.